Wiki Nane Trieste

Wengi mliniuliza mbona vipindi vya Julai na Agosti sauti yangu haikuwemo. Kuna mmoja aliandika eti nimeolewa kimyakimya. Jamani! Nilikuwa Trieste, Italia, wiki nane, kwa ufadhili wa utafiti wa majira ya joto ya mwaka 2025, nimekaa ofisi moja na watu watano ambao kabla ya hapo sikuwahi kuwaona. Wenzangu wa kipindi waliniambia niandike habari za kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kukokotoa joto la maji ya bahari ya Adriatic kwenye kompyuta, saa nane kwa siku, na ukishaijua siku moja umezijua zote. Mie nitawaandikia habari za wale watu, na zaidi habari za mmoja wao.

Kwanza mji, maana najua nusu yenu mtaufungua kwenye ramani. Trieste uko pembeni kabisa ya Italia, umebanwa baina ya bahari na Slovenia, na ukipanda vilimani kidogo tu unaanza kuona vibao vya lugha mbili. Mpaka mwaka 1918 ulikuwa bandari kubwa ya dola ya Austria na Hungaria. Baada ya Vita vya Pili ukakaa miaka mingine haujulikani wa nani, mpaka 1954 uliporudishwa Italia. Halafu mwaka 1964 mwanafizikia mmoja wa Pakistani, Abdus Salam, yule aliyekuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 1979, akaanzisha hapo kituo cha kimataifa cha fizikia. Yeye mwenyewe aliondoka Lahore kwa sababu alikuwa mpweke kikazi, hana wa kuzungumza naye sayansi yake. Basi akataka pawe na pahala ambapo mtaalamu wa nchi maskini atakuja miezi michache, akae na wenzake, ajaze kichwa, kisha arudi kwao. Aende na arudi. Asilazimike kuchagua baina ya kazi yake na kwao.

Kituo chetu hakikuwa hicho cha Salam, lakini Trieste siku hizi imejaa vituo vya utafiti, na wazo lile limeenea mji mzima. Ukipanda basi namba 6 asubuhi linalokwenda upande wa Barcola, utasikia lugha za dunia nzima zinabishana hesabu, na mabibi wa Kitaliano wenye mifuko ya pwani wamekaa katikati wala hawashtuki.

Mlangoni kwetu palibandikwa karatasi yenye majina sita na nchi sita: Argentina, Nepal, Vietnam, Iran, Kongo, Uingereza. Hiyo Uingereza ndiyo mimi. Nimezaliwa Coventry, mama mtu wa Kikwajuni, baba wa Wete, lakini karatasi haina nafasi ya kuandika yote hayo.

Palikuwa na hafla ya kukaribishwa. Nitaipita haraka kwa sababu haina kitu. Tulibandikwa majina vifuani, tukaambiwa tujenge mtandao, tukasimama na glasi mikononi tukiulizana "unafanya utafiti gani" mpaka miguu ikauma. Sijawahi kumjua mtu kwa njia hiyo, na sidhani kama yupo aliyewahi. Tulijuana kwa njia nyingine.

Siku ya tatu mama alipiga simu saa ya chakula cha mchana. Simu za mama mnazijua. "Nimekula, mama. Wallahi nimekula. Samaki. Ee, na wali." Nilipokata, yule dada wa Kongo aliyekaa nyuma yangu, ambaye kwa siku tatu tulikuwa tunasalimiana Kiingereza tu, alikuwa ameshageuza kiti chake.

"Uko unasema Swahili?"

"Kidogo."

"Hapana kidogo. Nimesikia yote. Ulikula samaki na muchele."

Nikacheka, kwa sababu kwetu mchele ni ule mbichi, na mtu aliyekula mchele anapelekwa hospitali. Naye akacheka kwa nilivyocheka. Alikuwa mtu wa Bukavu, kusini mwa Ziwa Kivu, na Kiswahili ndicho alichokua nacho nyumbani na mtaani. Kifaransa ni cha shule, Kilingala alikiokota Kinshasa alikosoma shahada ya pili, na Kiingereza, alisema, "ni ya kazi tu". Alinizidi miaka mitano. Alipojua hilo akaamua palepale: "Basi utaniita yaya."

Kwao yaya ni dada au kaka mkubwa, neno la heshima. Kwetu yaya ni yule anayelipwa kumlea mtoto. Nilimweleza. Akafikiri kidogo akasema vyote viwili ni sawa tu, maana alishaona siwezi hata kutia chumvi kwenye maji ya tambi. Wale wenzetu wanne wakasikia nalitumia hilo neno, wakadhani ndilo jina lake, na kufika wiki ya pili ofisi nzima ilikuwa inamwita Yaya. Nami humu nitamwita hivyo. Mama yangu nilipomtajia kwenye simu alinyamaza kwanza, halafu akauliza kwa sauti ya chini: "Yaya? Una mtoto?"

Kwenye kipindi tumecheka mara ngapi juu ya Kiswahili chetu sisi tuliozaliwa huku? Kiswahili cha jikoni. Ukienda Unguja likizo, watoto wa shangazi wanakuiga unavyosema, na mwenye duka anakujibu Kiingereza kabla hujamaliza sentensi. Basi hapa nimekutana na mtu anayekisema usiku na mchana, anaota nacho, na yeye ndiye ananiambia mimi Kiswahili changu ni kizuri, "ya Tanzania, ya kitabu". Yeye alizoea watu wa pwani kumwambia kuwa chake kimevunjika. Tukakaa hivyo, kila mmoja anamwona mwenziwe ndiye mwenye lugha. Hatukusahihishana kwa wiki zote nane. Nilipojua kuwa kwao "bibi" ni mke, nikaelewa kwa nini alinishangaa nilipomwambia bibi yangu amefariki nikiwa na miaka kumi.

Sasa niseme jambo ambalo labda mmeshalihisi. Ilikuwa ni kiangazi cha watu kuangalia simu. Wiki za mwanzo Iran ilikuwa inapigwa, na kwa siku kadhaa intaneti kule ikakatika. Muirani wetu alikuwa anakuja ofisini, anafungua kompyuta, anaitazama. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mnepali alikuwa na sufuria yake ndogo ya umeme ya kuchemshia chai ya maziwa na tangawizi, na zile siku alikuwa anamwekea kikombe mezani kila baada ya saa mbili, anaondoka bila kusema neno. Muirani anakunywa. Siku habari za kwao zilipopatikana, alisimama akaosha vikombe vyote vya ofisi, hata visivyo vyake.

Yaya naye alikuwa anaangalia simu yake, lakini wa kumuuliza hakuwepo, kwa sababu vita vyake havikuwa vipya. Goma ilitekwa na M23 mwishoni mwa Januari. Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Alikuwa Kinshasa wakati huo, na mama yake na wadogo zake wawili wa kiume wako Bukavu. Uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, benki zikafungwa. Kufika Juni magazeti ya Ulaya yalikuwa yameshahamia kwingine.

Tarehe 27 Juni mawaziri wa Kongo na Rwanda wakatia saini mkataba wa amani Washington. Asubuhi ya siku ya kazi iliyofuata, Muargentina, kijana mwenye moyo mweupe kuliko watu wote niliowahi kufanya nao kazi, akaingia na sanduku la keki. "Yaya! Hongera! Vita vimekwisha!" Akamkumbatia. Yaya akatabasamu, akashukuru, akala keki. Sote tukala keki. Kisha akageukia kompyuta yake, na bila kutoa macho kwenye kioo akasema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayesoma namba: "Bale balisaini kule, hapana bale beko ku mlango ya mama yangu."

M23 hawakuwemo kwenye ule mkataba. Nilikuwa nalijua hilo kwa kusoma. Kulisikia kwa lugha ninayotumia kuulizia kama sukari imekwisha ni jambo jingine.

Tangu siku ile nikawa mimi ndiye wa kuambiwa. Hakuniomba. Ilikuja yenyewe, kwa sababu nilikuwa mtu pekee kwenye jengo lile ambaye angeweza kumsemesha bila kwanza kupanga sentensi. Na hapo ndipo nilipokiona Kiswahili changu kina nini na hakina nini. Kina vyakula vyote. Kina maradhi, misiba, harusi, futari, kugombezwa kwa kila namna. Vita hakina. Alipokuwa ananisimulia ile usiku ya Februari akasema masasi ililia mpaka asubuhi, na mie Masasi ninayoijua ni mji wa Mtwara, kwao rafiki yake mama. Nikamwacha aendelee, na baada ya sentensi mbili nikaelewa mwenyewe kuwa ni risasi.

Alinisimulia hayo tukiwa majini. Hapo lazima niwaeleze kuhusu Pedocin.

Trieste kuna pwani moja katikati ya mji, karibu na bandari, jina lake rasmi La Lanterna lakini wenyewe wanaiita Pedocin. Ina ukuta. Ukuta mweupe, mrefu kuliko mtu, umetoka nchi kavu umeingia mpaka ndani ya maji. Upande mmoja wanawake na watoto, upande wa pili wanaume. Umekuwa hivyo tangu zama za Austria, zaidi ya miaka mia, na kila mara akitokea mtu akasema uvunjwe, wanawake wa mji ndio wa mwanzo kukataa. Kiingilio ni kama yuro moja. Mara ya kwanza nilipofika nilisimama mlangoni nikasoma kibao mara mbili. Yaya akanong'ona: "Baitaliano ni Baislamu?"

Nyie dada zangu mnaojifunika mnajua nini maana ya kukaa pwani ya Ulaya mwezi wa Julai. Joto digrii 34, maji yako hatua kumi, na wewe umekaa na nguo zako zote unalinda viatu vya wenzako. Pedocin nilivua mtandio, nikajifunga nywele, nikaingia baharini kama nilivyokuwa nikiingia nikiwa na miaka saba. Upande wetu umejaa mabibi. Wanacheza karata kuanzia asubuhi, wanamenya matunda, wanasengenya, ngozi zao zimekuwa rangi ya mkoba wa zamani. Wengine hata sidiria hawana na hawana habari. Ukiacha hilo, ni baraza tupu. Ningewaweka mama na mashoga zake wa Coventry pale, wangejua kila mtu na mambo yake kwa wiki moja bila kujua neno la Kitaliano.

Tulikuwa tukienda watatu, mie na Yaya na dada wa Vietnam, kila Jumamosi na siku nyingine baada ya kazi. Mvietnamu alikuwa anaogelea mpaka anakuwa nukta. Yaya, pamoja na kuzaliwa kando ya ziwa, hakuwa anapenda kwenda mbali, basi tulikuwa tunakaa kwenye maji ya kiunoni, juu ya kokoto, tumeshikana mikono kwa sababu mawe yanateleza. Pale ndipo aliponiambia yote. Jinsi mama yake alivyowalaza watoto sakafuni chini ya dirisha. Jinsi mtandao ulivyokatika katikati ya simu, na yeye Kinshasa akabaki na simu sikioni kwa muda hajui kama akate. Jinsi wadogo zake siku hizi hawatoki jioni, kwa sababu ni vijana, na vijana wanachukuliwa. Alisema bila kulia. Macho yake yalikuwa kwa yule Mvietnamu kule mbali, kana kwamba kazi yake ni kumhesabu asipotee.

Mie nikasema nilichokuwa nacho. "Poleni sana. Mungu awalinde. Mama ana subira." Maneno ya simu za msiba, yale tuliyofundishwa kuyasema tukiwa wadogo tukipewa simu kwa nguvu, tuongee na mtu wa Unguja aliyefiwa ambaye hatumjui. Nilikuwa nayachukia sana yale maneno nikiwa mtoto. Yaya akaitikia kila moja. "Aksanti. Amina. Aksanti, dada." Bibi mmoja wa Kitrieste aliyekuwa karibu yetu, ambaye bila shaka hakuelewa chochote, akatoka majini akarudi na aprikoti nne kwenye karatasi, akatupa mbilimbili.

Msidhani ilikuwa majonzi wiki nane. Yaya alikuwa mchekeshaji, na kazi yake alikuwa anaijua hasa. Alikuwa anatafiti ziwa la kwao. Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 480, na chini kule yamejikusanya maji mazito yenye chumvi, yenye kaboni dayoksaidi na methani nyingi ajabu, yamelazwa pale na uzito wa maji ya juu. Hayachanganyiki. Maji ya chini yana joto kuliko ya juu lakini hayapandi, kwa sababu ule uzito wa chumvi na gesi unayashikilia. Upande wa Rwanda wanaivuta hiyo methani na kuzalisha umeme. Lakini mtu yeyote anayesoma maziwa ya namna hiyo anakumbuka Ziwa Nyos la Kameruni, lililotapika kaboni dayoksaidi usiku mmoja mwaka 1986 na kuua watu wapatao 1,700 usingizini. Kivu ni kubwa mno kuliko Nyos, na limezungukwa na watu zaidi ya milioni. Yaya alikuwa anapima kwa hesabu tabaka zile zinakaa imara kiasi gani.

Alitueleza haya kwenye mkahawa. Trieste kahawa ina lugha yake: ukitaka kikombe kidogo cha nyeusi unasema "nero", ukitaka yenye povu la maziwa ndani ya glasi unasema "capo in b", na ukiagiza kama wanavyoagiza Roma utaletewa kitu usichokitaka. Aliagiza hiyo ya glasi, akaiinua kwenye mwanga, povu juu, kahawa chini, akasema: hili ndilo ziwa letu. Kisha akachukua kijiko. Muargentina akamshika mkono kwa hofu, "Usikoroge!" Tulicheka mpaka mwenye mkahawa akaja kutazama.

Na kuna jioni ya dagaa. Ghuba ile ina samaki wadogo wanaowaita sardoni, wanawatia unga, wanawakaanga, unakula na limau. Mnepali, ambaye nchi yake haina bahari, ndiye aliyewanunua, kilo mbili, kwa sababu aliona bei ni ndogo. Tukapika jikoni kwenye hosteli. Yaya alipoiona sahani akaweka mikono kichwani: "Sambaza!" Mie nikasema dagaa. Tukabishana, na Muirani akafungua simu akatafuta, akatuamua: sambaza wa Ziwa Kivu hawakuwa wa Kivu, walipelekwa pale kutoka Tanganyika enzi za Wabelgiji. "Kwa hiyo hata hao ni wahamiaji," akasema, akachukua wawili kwa mpigo. Yaya alitafuta sombe mji mzima, yaani kisamvu, hakupata, akatumia mchicha wa Kitaliano na siagi ya karanga. Akasonga bugali kwa unga wa polenta. Nimekula ugali mwingi maishani, na ule wa polenta si mbaya, ila ukipoa unakuwa tofali.

Mwisho wa Julai msimamizi wake akamjia na njia. Angeweza kubaki. Zilikuwepo fedha za mwaka mmoja, na baada ya mwaka, pengine shahada ya uzamivu. Alikuwa amestahili, kila mtu alikuwa anajua. Ofisi nzima ikasimama upande mmoja. Muargentina alipanga hoja kama wakili: ziwa linaweza kutafitiwa kutoka popote, benki Bukavu hazifanyi kazi, fedha utatuma kutoka huku, ukirudi utamsaidia nani? Yote yalikuwa kweli. Mvietnamu akasema afadhali abaki. Mnepali alichemsha chai.

Yaya akanigeukia akaniuliza kwa Kiswahili, mbele yao wote: "Na weye, unasema nini?"

Sikuwa na ushauri. Nilikuwa na habari moja tu, nikampa hiyo. Baba yangu alikuja Uingereza kwa mwaka mmoja. Mwaka 1998 akanunua kiwanja nje ya mji wa Unguja, na kila samma, kama anavyosema mama, tukikaa mezani utasikia "tukirudi". Msingi umeshajengwa. Juu ya msingi umeota mpapai, na jirani anakula mapapai. Wazazi wake wote wawili aliwazika kwa simu. Hajutii, au hajasema. Watoto wake wamesoma, mie ndiye huyu nimekaa hapa na ufadhili. Lakini ule mwaka mmoja haujaisha mpaka leo.

Nilimwambia hivyo tu. Wenzetu wakasubiri nitafsiri, Yaya akawaambia haina haja.

Alikaa siku nne, kisha akakataa zile fedha. Mama yake alikuwa peke yake na vijana wawili, na yeye ni wa kwanza. Mie hapa siwadanganyi: siku nyingine naona alifanya sawa, siku nyingine naamka usiku nikiwaza angebaki, na kwamba ile hadithi ya baba yangu ningeweza kuiacha kwenye friji na mapapai yake. Kisha nakumbuka kuwa hakuniuliza ili nimwamulie. Salam alijenga pahala pa kwenda na kurudi. Hakuna aliyejenga lolote kwa ajili ya mtu ambaye njia yake ya kurudi imepita kwenye mtutu wa bunduki.

Kutoka Kinshasa hapakuwa na ndege tena ya kwenda kwao, basi tiketi ikawa Roma, Addis Ababa, Kigali, halafu basi mpaka Rusizi, halafu kwa miguu juu ya daraja mpaka Bukavu. Tulichanga. Mvietnamu alimnunulia betri kubwa ya kuchajia simu, yenye uwezo wa kuchaji mara sita, kwa kuwa umeme wa kwao haueleweki. Mnepali akampa majani ya chai. Muargentina alilia, kama tulivyotarajia. Treni ya kwenda uwanja wa ndege ilikuwa alfajiri, na tulipotoka hosteli sote watano tukamkuta Muirani ameshashika sanduku, amesimama nje kwenye giza, amevaa shati la pasi. Alilibeba mpaka ndani ya behewa. Alikuwa hajawahi kuzungumza na Yaya zaidi ya maneno mia, nadhani.

Siku tatu kimya. Siku ya nne ikaja sauti ya WhatsApp, yenye makelele ya soko nyuma. Amefika, wamepekua sanduku lakini hawakuchukua kitu, mama amekonda. Kisha simu ikahama mkono, ikaja sauti ya mwanamke mtu mzima, iliyokwaruza, ikanisalimu mimi kwa jina langu, ikashukuru kwa betri, ikashukuru kwa maneno, halafu ikauliza: "Uko mutoto ya nani?"

Nilikuwa nimesharudi Coventry, niko jikoni. Mama alikuwa anakuna nazi, akasikia. Swali hilo kwake halisubiri. Akafuta mikono, akaninyang'anya simu, akabonyeza, akaongea dakika nne: mie ni mtoto wa fulani bin fulani wa Wete, yeye mwenyewe ni wa Kikwajuni, nyumba ya nyuma ya msikiti, na wewe mwenzangu poleni na mitihani, na hao vijana wanasoma?

Wanapelekeana sauti mpaka sasa, karibu kila wiki, mtandao ukiwepo. Usipokuwepo, mama anazunguka nyumba na simu mkononi na hasemi anangoja nini. Kuna maneno hawaelewani, na mie nimeshaacha kuwatafsiria. Juzi nilimkuta amekaa ngazini, anarudia ileile sauti mara ya tatu, akaniuliza sambaza ndiyo nini, na kwa nini kule fungu limepanda bei mara mbili.